Likizo Ufipa: mazoezi 40 ya C na magunia 12 ya mama

Najua wapo walioanza kuulizana kama nimemezwa na mamba wa Ziwa Rukwa. Sijamezwa. Nilikuwa nyumbani, juu kule Ufipa, tangu Julai, na sasa nimerudi hosteli hapa Dodoma, upepo na vumbi kama kawaida, foleni ya maji kama kawaida. Leo nina muda na nina bando, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma maana ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta, ndiyo naingia mwaka wa pili. Kabla ya kufunga chuo mwalimu wetu wa programu alitugawia karatasi ya mazoezi 40 ya lugha ya C, akasema kwa upole kabisa, "Likizo ni ndefu, mimi nitaanza na la 41." Basi. Hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na mshikaji wa hapa block yetu akanitania, "Wewe si unaenda Sumbawanga, huko si mnaendesha kompyuta kwa ungo?" Utani wa Sumbawanga nimeuzoea, tangu kidato cha tano nausikia: radi za kutumwa, ungo, safari za usiku zisizo na nauli. Na jina lenyewe wazee wanasema maana yake ni tupa uchawi, yaani ulikuwa mji wa kuuacha, siyo wa kuuchukua! Ila kuna kitu huwa nawaambia hawa watani wangu. Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu kuliko mtu, malungu, yanayovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mtu kupuliza mivukuto. Kisha chuma kile kinahamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ndipo mivukuto inaingia kazini kukisafisha. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, kila hatua na chombo chake. Ukinuna ukaniambia hiyo siyo programu sitabishana nawe sana, ila usiniletee habari za ungo.

Turudi kwenye C. Lugha hii aliitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1970, na kitabu chake maarufu alichoandika na Brian Kernighan kilitoka 1978. Huyu mzee Ritchie alifariki Oktoba 2011. Nikiwa nasoma hayo ndipo nikakumbuka jambo moja ambalo wengi wa rika langu hawalijui: mwaka 1974, C ikiwa bado kichanga kabisa, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine ya mahesabu ya Hazina kuleta kasheshe. Ni baadaye sana mambo yakalegezwa. Kwa hiyo tukisema tumechelewa kidogo, tuna barua ya ruhusa.

Sasa, nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Laela, kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga mjini. Laptopu sina. Nina simu, na kwenye simu kuna Termux, ambayo ukiiwekea clang unakuwa na kompaila kamili mfukoni. Unaandika faili, unasema `clang saa.c -o saa`, halafu `./saa`, ngoma inacheza. Shida ni chaji. Sola ya nyumbani inabeba taa tatu, redio na simu ya mama, na simu ya mama ndiyo yenye kipaumbele maana ndiyo yenye hela. Kwa hiyo utaratibu ukawa hivi: programu naiandika kwanza kwa penseli kwenye kaunta buku, naipitia mstari kwa mstari, nachora jedwali la kila kigeu kina thamani gani kila mzunguko, na nikiridhika ndipo nawasha simu. Wadau, ninawaambia ukweli, hii njia ni bomba. Mtihani wetu wenyewe si tunaandika C kwa kalamu? Simu inakuzoesha kubahatisha, karatasi haikubali.

Jambo lililonifurahisha mapema ni la majina. C ya kiwango cha 1989 ina maneno yake rasmi 32 tu: int, float, if, else, for, while na wenzake. Ukiondoa hayo, na majina ya maktaba kama printf, mengine yote ni yako. Ukitaka kigeu kiitwe `jumla` kinaitwa jumla. Ukitaka `mahindi`, kompaila haina habari. Wenzangu wengi wanaandika `total` na `amount` kwa kudhani ndiyo sheria. Siyo sheria. Kama watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliweza kuifanya OpenOffice nzima ikaongea Kiswahili mwaka 2004, ile Jambo OpenOffice ya mradi wa Kilinux, sisi vigeu vitatu vitatushinda?

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ana maneno mengi kuliko kuku. Siku ya pili tu akawa amekaa pembeni yangu. "Dada, hiyo inaandika nini?" Nikaona kheri, si mwakani naenda mafunzo ya vitendo? Huyu ndiye darasa langu la kwanza, na kama siwezi kumwelewesha mtu mmoja anayenipenda, wale 60 wasionijua itakuwaje.

Nikamtungia zoezi ambalo halimo kwenye karatasi ya mwalimu: geuza saa ya simu iwe saa ya Kiswahili. Simu inasema 13:00, mama anasema saa saba mchana. Tunaongeza sita, tunagawanya kwa 12, tunachukua baki. Kwa C:

`saa = (simu + 6) % 12;`

Jaribu mwenyewe. 7 ukiongeza 6 ni 13, baki ni 1, saa moja. 13 ukiongeza 6 ni 19, baki ni 7, saa saba. Ile alama ya asilimia hapa haina uhusiano na asilimia, ni baki tu. Ila 18 inakupa 24, baki 0, na hakuna Mswahili anayesema saa sifuri. Kwa hiyo sharti moja: kama saa ni 0, iandike 12. Dogo akaandika `if (saa = 0)`. Alama moja ya sawasawa. Kompaila ikatoa onyo kabisa, yeye akalipita kama bango la barabarani, programu ikakubali kuendesha, na kuanzia hapo muda wote ni saa 0. Asubuhi saa 0, jioni saa 0. Sikumwambia. Nikampa penseli na kaunta buku, nikasema fuata mstari kwa mstari. Akakaa pale jikoni karibu nusu saa, mara nikasikia, "Aaaa! Hapa siulizi, hapa naipa!" Ndiyo. Alama moja inaweka sifuri ndani ya saa, mbili ndizo zinauliza. Nilisikia raha mpaka nikamwongezea kiazi.

Balaa likaja kwenye kuongeza maneno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kompyuta inataka mpaka. Asubuhi inaanza saa ngapi? Dogo akasema saa 12. Mama, anapepeta maharage, akasema saa 11 mtu mwenye akili ameshaamka, hiyo ni asubuhi. Bibi akasema alfajiri ni jogoo wa pili. Nikamuuliza, "Bibi, jogoo wa pili ni saa ngapi?" Akasema, "Mjukuu wangu, jogoo hana saa." Mjadala ule ulikula jioni nzima na mwisho tukaandika saa 10 mpaka saa 12 alfajiri kwa kura tatu kwa moja. Bibi hajakubali mpaka leo.

Mazoezi mengine nitayapita haraka: kutafuta namba kubwa kati ya tatu, jedwali la kuzidisha, namba tasa, kugeuza namba kinyumenyume, nyota za pembetatu (sijui nani aliwaambia walimu wa programu wote duniani kwamba tunapenda pembetatu za nyota). Niliyoyakalia ni lile la joto, kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye mahindi.

Zoezi linatoka kwenye ule ule utamaduni wa kitabu cha Kernighan na Ritchie: geuza Farenhaiti kuwa Selsiasi. Julai kule kwetu unaelewa kwa nini mtu anataka kujua baridi ni ngapi, maana uwanda uko juu, kama mita 1,800 pale Sumbawanga, na asubuhi unamwona mtu anaenda kisimani kajifunga blanketi. Kanuni tunaijua: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Lakini ukiiandika `5 / 9 * (f - 32)` kwa namba nzima, jedwali lote linakuja sifuri. Kwa nini? Kwa sababu 5 gawanya kwa 9, C ikiona zote ni int, inajibu 0. Haikadirii, haipandishi. Inakata mkia na kuutupa. Ukianza na kuzidisha, `5 * (f - 32) / 9`, kidogo inaeleweka: 50 inatoa 10 kamili, 47 inatoa 8 wakati jibu halisi ni 8.33. Hiyo 0.33 imekwenda wapi? Haikwenda popote, imetupwa, na mashine haikwambii.

Dogo akauliza swali ambalo nitalikumbuka: "Sasa dada, kama haisemi, mtu atajuaje?"

Wiki ileile akaja mnunuzi wa mahindi na Fuso. Rukwa ni mkoa wa mahindi, wote mnajua, na sehemu ya ada yangu huwa inatoka kwenye stoo ya mama. Safari hii kulikuwa na magunia 12. Huyu bwana ana mizani ya kuning'iniza, ana kalamu, na ana bei yake: gunia la kilo 100, shilingi 50,000. Gunia likipanda mizani anasoma kwa sauti, anatikisa kichwa, anaandika kijistari kimoja. Gunia moja. Linalofuata. Kijistari. Ubaya ni kwamba huku kwetu ukijaza gunia pungufu anakukatalia, kwa hiyo watu wote wanajaza na kuzidisha kidogo. Siyo lumbesa ile ya kilemba juu, ile kila mtu anajua ni marufuku. Hii ni kidogo tu, ya heshima.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu na kaunta buku langu, nikawa naandika anavyosoma. 106, 104, 109, 103, 107, 105, 108, 104, 106, 110, 103, 107. Kwa nini niliandika sijui, nadhani ni mazoea tu ya mwezi mzima wa majedwali. Yeye akamaliza: vijistari 12, laki sita.

Programu yenyewe ilikuwa zoezi la 27, safu na lupu, nilibadilisha namba tu:

`for (i = 0; i < 12; i++) {`
`    jumla = jumla + kilo[i];`
`    gunia = gunia + kilo[i] / 100;`
`}`
`printf("Gunia %d, kilo %d, baki %d\n", gunia, jumla, jumla - gunia * 100);`

Ikajibu: Gunia 12, kilo 1272, baki 72.

Mnaona alichokuwa anafanya? `kilo[i] / 100`. Namba nzima kwa namba nzima. Kila gunia anakata mkia na kuutupa, ila yeye hatupi, anapakia kwenye Fuso. Kwa wastani ni kilo 6 kila gunia, maana yake kila magunia 17 hivi moja linaondoka bure. Kwa bei yake mwenyewe, shilingi 500 kilo, zile 72 ni shilingi 36,000.

Nikaenda. Nikamwamkia vizuri, "Shikamoo mjomba," maana ni mtu mzima, halafu nikamwonyesha simu. Akatabasamu. "Dada msomi, hiyo ni uzito wa magunia na unyevu." Nikamwambia magunia haya ya plastiki moja halifiki hata robo kilo, tufanye robo basi, 12 ni kilo 3, zinabaki 69. Na mahindi ni ya Septemba, yameshakauka yanalia kama kokoto. Akasema, "Mimi sinunui na kompyuta, nanunua na mama." Wale vijana wake wa kupakia wakacheka.

Hapo nilitegemea mama anitetee au anifokee, moja wapo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda ndani akatoka na kikombe cha plastiki chenye punje za maharage, akazimwaga kwenye ungo (ndiyo, ungo!), akahesabu. Sabini na mbili. Alikuwa amekaa mlangoni muda wote, bwana yule akisoma 106 yeye anadondosha punje sita, akisoma 104 nne. Kumbe hufanya hivyo kila mwaka. Anajua kila mwaka ni kilo ngapi. Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akaniambia, "Mwanangu, nikisema Fuso inaondoka, na wewe chuo kinafungua."

Jamani, hapo nilinyamaza.

Maana hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na C haina jibu lake. Baki tumeipata wawili, kwa njia mbili, na tarehe ya kusajiliwa iko palepale. Mama akafikiri kidogo akamwambia yule bwana achukue matano, kwa bei yake na kwa vijistari vyake, laki mbili na nusu mkononi. Saba yashushwe. Yule bwana alikasirika kidogo, akasema bei itashuka, mama akasema ikishuka tutakula ugali. Yale matano yalikuwa na kilo 529, kwa hiyo 29 tuliziacha ziende tukiziangalia, 14,500. Mdogo wangu aliandika hiyo namba ukutani kwa mkaa. Nilisafiri na nauli na sehemu ya ada, nikaomba nimalizie baadaye, nikakubaliwa kusajiliwa kwa masharti ambayo siyo ya kuyaandika hapa.

Mazoezi niliyamaliza yote 40, la mwisho ndani ya basi kati ya Mbeya na Makambako. Kumi ya mwisho ni pointa, na wengi hapa darasani yanawatesa. Mwenzangu mmoja programu yake ilikuwa inakufa kila akiingiza namba, amesahau ile alama ya & kwenye `scanf("%d", &kilo)`. Nikamwelezea hivi: ukimpa kondakta mzigo wa kupeleka Sumbawanga, humwambii ndani ya nyumba yetu kuna nini, unamwambia nyumba iko wapi. `kilo` ni kilichomo ndani. `&kilo` ni mahali ilipo nyumba. Ukimpa kilichomo badala ya mahali, anaenda kugonga mlango wa watu asiowajua na anafukuzwa. Akaelewa hapohapo. Huo mfano naupeleka kwenye mafunzo ya vitendo, nawaambia mapema, msiniibie.

Jana usiku mama alipiga. Amekuja mnunuzi mwingine, mwenye mizani ya kidijitali, ananunua kwa kilo, bei ileile 500. Saba yale yamepimwa, na magunia yametolewa uzito wake. Nikamwambia asiniambie kwanza. Nikafungua kaunta buku: saba yalikuwa 743, toa robo kilo mara saba, 1.75, inabaki 741.25, ukiiweka kwenye int ni 741. Nikamuuliza, "Mama, ni 741?" Kimya kidogo, halafu nikasikia dogo anapiga kelele nyuma, "Mia saba arobaini na moja! Dada kajuaje!" Laki tatu na sabini elfu na mia tano. Kwa vijistari ingekuwa laki tatu na nusu.

Hela inaingia kwenye simu kesho, nikishamaliza ada ndipo nitapumua. Mama amesema anabaki na 500 ya kununulia penseli, dogo kamaliza ya kwangu.

Haya, wacha niwahi maabara kabla kompyuta zenye kibodi nzima hazijaisha. Zoezi la 41 limeshabandikwa ubaoni, na ni la pembetatu ya nyota.